Mkato wa Koleo

Panya hutafuna, hakati. Ncha ya ule waya mweusi mkononi mwa Zuena ilikuwa imekatwa sawasawa, bila hata uzi mmoja kuning'inia.

"Hii ni koleo, mama," alisema Kiptum, fundi wa kampuni mpya ya intaneti. "Nikiunganisha leo, watakata tena."

Simu ya Zuena ikalia kwa ujumbe. Alijua unatoka wapi kabla hajaufungua. Alikuwa akifundisha Kiswahili kwa video, watoto wa Wakenya walio ng'ambo, na mzazi mmoja wa Leeds alikuwa amemwonya kwamba darasa likikatika tena atatafuta mwalimu mwingine. Nalo lilikuwa limekatika katikati ya shairi. Ujumbe ulikuwa shukrani na kwaheri.

"Mbona waya wa ile kampuni ya zamani haukatwi?" aliuliza.

Kiptum alikuwa akikunja ngazi yake. "Biashara ya faiba, hii intaneti ya waya, iko hivi, mama. Kusimamisha nguzo na kuvuta waya ni gharama kubwa. Pesa inarudi tu kama umeshika jengo zima. Kwa hivyo kampuni ya kwanza kuingia inamwona mwenye ploti pembeni. Kila mlango ukilipa, na yeye anapata kitu yake. Sisi tukija na bei ya chini, anapoteza. Hapo ndipo koleo inatoka."

"Na sisi tunalipa bei ya dhahabu kwa mwendo wa kobe!"

"Si ndiyo hivyo."

Zuena alishuka ngazi akiwa bado ameshika kipande cha waya. Barasa, keateka aliyetunza ploti hiyo ya nyumba za kupanga, alikuwa akifagia chini.

"Toa hiyo koleo tuione! Toa!"

Wapangaji walichungulia milangoni, kisha wakatoka mmoja mmoja. Barasa hakukana. "Mama Hibo, mimi ni mtu wa kuandikwa. Nikiambiwa kata, nakata."

"Nani anakuambia?"

Barasa alimtazama, akatazama mlango wa nyumba ya Zuena, namba nne, kisha akarudi kwa ufagio wake. "Hii maneno wachana nayo. Itakuuma wewe kuliko mimi."

"Ati sasa unanitisha?"

Jioni Naim, mumewe, alirudi kutoka Webuye alikopeleka mahindi. Alimsikiliza hata kabla ya kuvua viatu. Tangu wahamie Tuwan, mtaa huu wa Kitale, yeye ndiye aliyeshughulikia kodi. Zuena humpa sehemu yake, naye hutuma, kwa maana mawakala, alisema, huwazungusha wanawake.

"Mwenye ploti hana wakati wa vitu vidogo kama hivyo," Naim alisema. "Ni Barasa tu amekula hongo. Mfukuzisheni."

"Lazima aende," Zuena alisema.

Kesho yake asubuhi, kabla wapangaji hawajakubaliana nani apeleke malalamiko kwa wakala kule Bungoma, Barasa alikuwa getini akifunga godoro juu ya mkokoteni. Mkewe, Nakhumicha, alisimama kando na mtoto mgongoni, hakumsalimu mtu. Zuena aliona haya. Lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko haya, akapita.

Keateka mpya alifika wiki iyo hiyo. Kiptum akaunganisha waya tena, na wiki iyo hiyo ukakatwa.

Basi shida haikuwa Barasa. Zuena alivaa buibui, akamwacha Hibo, bintiye, kwa jirani, akaenda Bungoma. Hakuna mpangaji aliyewahi kumwona mwenye ploti. Wengine walisema ni mwanasiasa, wengine wakasema anaishi ng'ambo. Wote walimwita Mheshimiwa. Leo Mheshimiwa angemjua Zuena ni nani.

Wakala aliitwa Edinah, mama mtu mzima, mpole, mwenye kalenda ya kanisa ukutani.

"Umetoka ploti ya Tuwan? Nyumba gani?"

"Namba nne."

Edinah alikunja uso. "Namba nne? Hiyo mwenyewe alisema nisiishughulikie."

"Umesikia hayo!" Zuena alipiga meza, kalamu zikaruka. "Hata kuhesabiwa kama watu hatuhesabiwi! Nimepoteza wanafunzi niliowatafuta mwaka mzima. Mtu amefukuzwa, mkewe akiwa na mtoto mgongoni, mimi mwenyewe nikimzomea, kumbe kosa si lake. Huyo Mheshimiwa wenu anakula kwa kampuni, anakula kwetu, na sura hana! Siondoki hapa. Mpigie. Nataka kumsikia akisema mwenyewe kwa nini anatufanyia hivi."

"Dada yangu, tulia."

"Nimetulia vya kutosha. Mpigie!"

Edinah aliona machozi yake ya hasira, akavuta simu. "Haya. Lakini nyamaza kwanza, acha niseme mimi. Nikikupa ishara, ndipo uongee." Akaiweka simu mezani, akafungua spika.

Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa tu, Edinah hakungoja salamu.

"Bosi, habari ya kazi? Ni juu ya ule waya wa Tuwan. Kuna mpangaji analalamika sana, anataka kusikia kutoka kwako mwenyewe. Ni yule mama wa namba nne."

Zuena alisogeza kiti mbele. Alikuwa na maneno tele kinywani, yamepangwa tangu Kitale.

Upande wa pili mtu alicheka, taratibu, kama aliyekumbushwa jambo dogo.

"Wa namba nne? Huyo wachana naye, Edinah. Huyo ni mke wangu."