Viazi Chini ya Taa

Bi Sikudhani aling'oa shina la kumi la viazi vitamu, akalitupa chini kwa hasira. Mizizi ilikuwa myembamba kama mikia ya panya. Majani ndiyo yaliyostawi, yamefunika matuta yote mpaka barabarani.

"Miezi mitano!" alifoka. "Miezi mitano napalilia matembele!"

Jirani yake, Bi Mgeni, alikuwa akichimba upande wa pili, nyuma ya ukuta mrefu. Marando ya kupandia waligawana siku moja na udongo ni uleule, lakini kapu lake lilikuwa limeshajaa viazi.

"Mwenzangu, huku kwangu jua likizama ni giza," alisema Bi Mgeni, akitokeza kwenye pembe ya ukuta na kuionyesha taa ya barabarani. "Kwako hakuchwi. Kiazi kikidhani bado mchana, kinarefusha majani tu. Kitazaa saa ngapi?"

Sikudhani aliinua macho kwenye nguzo. Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya saini za kuomba taa hiyo, baada ya binti yake, Tatu, kupigwa na kuporwa hapo gizani akitoka kazini.

Jua likazama. Taa ikawaka yenyewe, na matembele yakang'aa kama yanamcheka. Sikudhani akaokota jiwe. Shabaha anayo, tangu utotoni alipokuwa akiamia ndege shambani kwa mawe.

"Mama, shikamoo!"

Tatu alikuwa anakuja katikati ya mwanga, bila haraka, mkoba unaning'inia begani wala hakuushika.

Sikudhani hakurusha. Jiwe lilimjaa kiganjani, zito, sawasawa na kiazi kizuri.