Msiba wa Busu

Busu alilazwa chali ndani ya kiberiti kitupu, juu ya pamba safi. Mama mwenye nyumba alikuwa amemfunika kwa kipande cha ua la waridi mpaka kiunoni, kama mtu.

"Masikini, hata miguu hakuwahi kuikunja," alisema shoga yake mwenye miwani. Shoga wa pili alitoa kitambaa, akafuta jicho lililokuwa kavu.

Muuaji alisimama karibu na bomba la kumwagilia maua, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Ile ya mkononi ndiyo iliyofanya kazi. Mama alimwamuru aishike vilevile mpaka mfuga nyuki afike, maana huo ulikuwa ushahidi.

"Umemuua nyuki mpole kuliko wote," Mama alisema. "Kila nikinywa chai alikuwa anatua hapa." Akagusa mdomo wake wa juu. "Hapa! Ndiyo maana nikamwita Busu. Hakunichoma hata siku moja."

"Alikuwa juu ya mkate wangu, mama."

"Sasa mkate na roho ya kiumbe, kipi kikubwa?"

Mtunza bustani aliishika ndala yake vizuri. Miaka tisa ilikuwa imemfundisha kwamba maswali ya nyumba ile hayangoji jibu.

Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, imekandamizwa kwa bakuli la sukari isipeperuke. Ilianza na maneno "Kwa Mtunza Bustani", kwa sababu jina lake Mama hakuwahi kuliuliza. Ilibaki nafasi moja tu, yenye nukta nukta: aina ya nyuki aliyeuawa. Hapo angejaza mfuga nyuki, aliyeitwa kwa simu tangu jana, kisha atie sahihi. Mama hakutaka mtu aje kusema baadaye kwamba amemwonea.

Mpishi alileta chai na keki. Mpishi ndiye mke wa mtunza bustani. Mume akifukuzwa naye anafunga virago, na chumba chao cha uani wanakirudisha siku hiyohiyo. Alipompita mumewe alipunguza mwendo.

"Omba radhi," alinong'ona.

"Nimwombe nani? Mdudu?"

"Huyo mama. Omba kwa mdomo tu, roho iache nje."

"Mfuniko nimeuomba miezi mitano sijapewa. Hiyo radhi ndiyo nitapewa?"

Mama alilidaka neno mfuniko, akakunja pua.

"Umeanza! Watu tuko msibani, wewe na shimo lako la choo. Mfuniko umepasuka, mfuniko umepasuka! Si nilikwambia uzungushie yasmini, harufu itakwisha? Imekwisha, haijakwisha?"

"Kwa upande wenu imekwisha, mama," mpishi alijibu badala ya mumewe, akaendelea kumimina chai.

"Jamani, kuna mgeni!" alisema shoga mwenye miwani.

Mdudu mnene, mwenye macho makubwa na mistari ya njano tumboni, alitokea nyuma ya nyumba, akazunguka mara mbili juu ya meza, akatua kwenye keki. Msiba ukasahaulika. Mama alifungua daftari lenye jalada la maua. Ndani yake mlikuwa na majina kumi na saba: Sukari, Kidoti, Pipi, Shavu, Malaika, na mengine ya namna hiyo. Jina la Busu lilikuwa limezungushiwa wino mweusi.

"Mwite Kibonge," alisema shoga mwenye miwani.

"Wewe nawe! Kibonge jina la paka," alisema shoga wa pili. "Huyu mstaarabu. Hebu mwangalie anavyosugua mikono, kama anayenawa kabla ya kula."

"Basi awe Manukato. Si ametoka kwenye yasmini?"

Mama alipiga makofi taratibu asimtishe. "Manukato! Wote wanatokea hukohuko. Wanangu wanajua kuchagua, hao."

Akaandika, akapigia mstari. Manukato akatembea juu ya keki toka upande huu mpaka huu. Mpishi, aliyeioka, alimtazama tu. Hakumfukuza.

Mfuga nyuki alipofika, mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko. Aliamkia, akasikiliza kesi yote akiwa amesimama, kisha akaondoa lile ua, akamgeuza marehemu kwa ncha ya jani. Alimtazama kwa muda mrefu. Mashoga wakashikana mikono.

"Hawa huwa wanakuchoma, mama?"

"Mimi? Wananijua!"

"Wote wanafanana hivi?"

"Ni ukoo mmoja."

"Na wanatokea wapi?"

"Huko nyuma, kwenye yasmini."

Mfuga nyuki alimtazama mtunza bustani. Mtunza bustani akaitazama ndala yake.

Barua ilitolewa chini ya bakuli la sukari. Mfuga nyuki akainama, akaandika mahali penye nukta, akatia sahihi, akamsukumia Mama. Mama akairudisha.

"Hapana, baba, soma wewe. Soma kwa nguvu, huyu muuaji asikie amemuua nani."

Mfuga nyuki akakohoa kidogo, akasoma:

"Aina: nzi. Mabawa mawili, nyuki ana manne. Mabuu yake hukulia kwenye kinyesi."

Akaweka kalamu chini. "Samahani, mama. Shimo lenu la choo halina mfuniko?"

Mama hakufungua kinywa. Sukari alikuwa ametua pale pa Busu, kwenye mdomo wa juu, anasugua mikono.