Firigisi ya Bata Mzinga

Firigisi haikuwa sufuriani.

Nzilani alikoroga, akachungulia, akakoroga tena, kana kwamba firigisi ya bata mzinga, kitu cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, inaweza kujificha nyuma ya kitunguu. Mchuzi ulikuwapo. Kitunguu kilikuwapo. Alikuwa ametoka mara moja tu kuchota maji kwenye mfereji wa ploti, akarudi, na mambo ndiyo hayo.

Juu ya ukuta, paka wa jirani alikuwa akijilamba makucha.

"Mama, hukuona huyu paka akiingia jikoni?"

Mama Mutunga, mama mkwe wake, alikuwa ameketi mlangoni akichagua mchele, kijiti cha kuchokoa meno kikimchezacheza mdomoni. Asubuhi alikuwa amekataa hata chai, eti anaachia Krismasi nafasi.

"Mimi macho yangu yako kwa mawe ya mchele," akasema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

Hakuna kitu! Harusi nzima ilikuwa imetoweka mle sufuriani. Mzee Kilonzo, baba mkwe, hakuwa na imani na wasichana waliokulia mjini Machakos, na alikwisha kusema mbele ya wazee wenzake: harusi ya kanisani ya Aprili ataibariki akishakula kwa huyo Nzilani na kuona kama amefunzwa. Na kwa Mzee, kufunzwa kulianzia kwenye firigisi. Firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke haionji hata kwa ncha ya ulimi.

Nzilani hangeweza kusema hakujua. Jana Mama Mutunga alikuwa ameshuka kutoka Ekalakala na bata mzinga wake mwenyewe ndani ya kikapu, kichwa nje, akifokea stendi nzima. Hata maji ya kunywa hajapewa, akaanza somo.

"Shingo ni yangu. Mabawa ni ya watoto, Mungu akiwaleta. Firigisi ni ya Mzee peke yake, unaiweka kwa sahani yake. Kuna msichana alirudishwa kwao Kathiani na sanduku lake kichwani, sababu ya kipande hiki tu. Siku ya Krismasi, Nzilani!"

Sasa Krismasi ndiyo hiyo. Mzee na mwanawe Mutunga walikuwa kanisani, na mahubiri hayadumu milele.

Nzilani alitoka mbio hadi mlango wa pili, kwa Wacera, mwenye paka.

"Wacera, paka wako ameniua."

Wacera alisikiliza kisa chote, akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akafunua sufuria yake. Alikuwa amechinja kuku watatu, na mumewe Waithaka alikuwa bado Matuu akiuza maembe yake.

"Firigisi hizi nilikuwa nizile mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa," akasema. "Chukua. Lakini hizi ni tatu ndogo, na wewe unataka moja kubwa. Utafanyaje?"

"Nitashona."

"Aa, wewe sasa umeamua! Lakini sindano niliyo nayo ni ya magunia."

Ikabidi Nzilani arudi kwake, ameficha bakuli chini ya leso, akijikaza uso.

"Mama, uko na sindano? Shati ya Mutunga imetoka kifungo."

Mama Mutunga hakuuliza shati gani. Alifungua pindo la leso yake akatoa sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Chukua huu mweupe. Mweusi unaonekana," akasema, mkono ukirudi kwenye mchele. "Na usikaze sana, utararua."

Nzilani alishona nyuma ya bafu, vidole vikiteleza, akiomba Mungu amsamehe na wakati huohuo amsaidie. Akairudisha kwenye mchuzi, akaongeza nyanya na dania. Ilipoiva ilikuwa imejikunja vizuri, nono, ya kuheshimika. Hata yeye karibu aiamini.

Wanaume walifika na njaa ya kanisa. Maji ya kunawa yakapita, Mzee akaomba sala ndefu, na bata mzinga akaletwa mezani amezungukwa na viazi. Mutunga akamsifu mpishi wake kwa sauti kubwa kupita kiasi. Nzilani akaweka sahani ndogo mbele ya baba mkwe kwa mikono miwili.

Mzee Kilonzo aliigeuza firigisi huku na huku. Akaitia mdomoni nusu, akatafuna. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Akaingiza vidole viwili mdomoni, taratibu, akavuta. Uzi mweupe ukatoka, mrefu, ukichuruzika mchuzi mbele ya macho ya kila mtu.

Nzilani aliona sanduku lake, likiwa kichwani, likielekea kwa mama yake. Mutunga aliacha paja hewani. Mama Mutunga alikuwa ameinamia wali wake.

Mzee aliutazama ule uzi. Kisha akaulaza pembeni mwa sahani kwa utulivu wa mtu aliyezoea kazi hiyo, akatupia nusu iliyobaki mdomoni, na uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu.

"Mutunga, mwambie padri Aprili tuko," akasema. "Huyu amefunzwa. Miaka thelathini mama yako ananipikia firigisi ya bata mzinga, na haijawahi hata siku moja kukosa huu mshipa wake mweupe."