Kibarua Hahesabiwi

Uligeuza uso, msomaji, Mbwilo aliponaswa na umeme kiwandani akafa. Leo hugeuzi.

Msimamizi wake, Shekiondo, alisimama mbele ya karani wa shindano la kuzuia vifo vya namna hiyo, ameshika kufuli alilobuni baada ya maziko, la kufungia swichi umeme usiwashwe mtu akiwa kazini. Kando yake alikuwa mjane wa Mbwilo, aliyeahidiwa kwamba kufuli litaitwa Mbwilo.

"Kiwanda kilichofiwa hakishindani," karani alisema. "Kwenu amekufa mtu?"

"Mmoja. Kibarua."

"Ah, kibarua hahesabiwi, kaka. Sema hapana, tuendelee."

Shekiondo aliona haya hata kumtazama mama yule. "Hapana," alinong'ona.

Mjane alinyoosha mkono, akalishika kufuli asiliachie. Karani ameshainua muhuri kuigonga fomu iliyoandikwa hapana. Ingia sasa hivi, msomaji, uudake mkono wa karani.