Akikanyaga Yeye

"Amekanyaga?"

Bibi aliuliza hivyo kila asubuhi akiwa kitandani, kabla ya salamu, kabla ya chai. Mumewe alijibu akiwa bado mlangoni, ndoo ya maziwa mkononi.

"Bado, mama. Mvumilivu hula mbivu."

"Na mwenye haraka?"

"Huvunjika nyonga."

Walicheka kidogo, maana ndivyo ilivyokuwa. Ndama alitumbukia mtaroni, bibi akakimbilia kumvuta, wakavunjika wote wawili: ndama mguu wa mbele, bibi nyonga.

Hospitali walimtia chuma, wakamrudisha nyumbani na onyo: ainuke atembee, la sivyo kitanda kitammaliza. Tayari mgongo ulikuwa na vidonda na kifua kinakoroma. Lakini kila alipoteremsha mguu, woga ulimrudisha shukani.

"Akikanyaga yeye, nami nitakanyaga," aliapa. Na mumewe alimjua: akishaapa, hata mvua ya mawe haimtoi.

Ndama alitibiwa uani, mbele ya dirisha la bibi. Mumewe, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa makochi, alichonga mabanzi mawili, akazungushia mguu pamba, akaanza kufunga.

"Taratibu, fundi! Huo ni mguu, si kochi. Ukikaza hivyo damu haipiti."

"Lala wewe, mgonjwa. Daktari gani anafundishia kitandani?"

Daktari mwenyewe, wa mifugo, alikuja baadaye. Alipapasa juu ya kwato, akanusa kitambaa. Akamvuta mume wa bibi nyuma ya zizi, wakakaa huko kitambo.

"Kasema nini?" bibi aliuliza.

"Kasema apumzishwe. Asisumbuliwe."

Tangu hapo ndama hakuonekana uani. Ng'ombe alilia mchana na usiku, na ndoo ikawa inarudi tupu, kwa kuwa ng'ombe yule hakushusha maziwa asipomwona mwanawe. Bibi aligeukia ukutani. Hakuuliza tena.

Kisha asubuhi moja zizi likawa kimya, na ndoo ikaingia imejaa povu.

"Mzee! Maziwa yamerudi?"

"Tazama mwenyewe," alisema mumewe, akamfungulia dirisha.

Kule zizini ndama alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake, kwa miguu yote minne, bila banzi. Mama yake alimlamba shingo kwa pupa, kama anayelamba chumvi.

Bibi alilia. Kisha akaomba fimbo.

Mguu ulipogusa sakafu, maumivu yalipanda kama msumari wa moto. Siku hiyo alifika mlangoni mwa chumba. Baadaye, kizingiti cha nje. Kila wakati wa kukamua alichungulia, na kila mara ndama alikuwa palepale, amesimama, kama anayemngoja. Mumewe alimshika kwapa, akarudia, "Hivyohivyo, mama, hivyohivyo," akikwepa kutazama zizini. Vidonda vilianza kufunga. Kifua kikatulia.

Hata asubuhi moja, mumewe alipokuwa jikoni akisuuza ndoo, bibi alishika fimbo yake akatoka peke yake. Alitaka amshtue. Alivuka ua wote akiuma meno, jasho likimtiririka, mpaka kwenye zizi.

"Mama!" Ndoo ilidondoka nyuma yake. "Mama, rudi! Usifike hapo!"

"Nirudi wapi, fundi? Nimeshafika!"

Akapita chini ya shingo ya ng'ombe, akamwekea ndama mkono mgongoni.

"Tumekanyaga, mwanangu," alimnong'oneza.

Ndama hakugeuka. Mkono wa bibi uliteremka ubavuni, ukafika tumboni, na hapo vidole vyake vikakuta mshono mrefu wa uzi mnene, ule wa kubana na kurudi, ambao mumewe alifungia makochi ya watu. Penye mwanya mmoja, majani makavu yalikuwa yameanza kuchungulia.