Mstari wa Saa Sita

"Huyo anajifanya tu, dada," askari jela alimwambia muuguzi, akimpa karatasi ya ukaguzi atie sahihi. "Nimemchungulia sasa hivi. Mzima wa afya."

Mahabusu wa chumba cha tatu alipaswa kuchunguliwa kila robo saa tangu alipojaribu kujinyonga wiki jana. Kila asubuhi muuguzi alisaini bila kusoma. Leo kalamu ilimgomea. Alipoinama kuijaribu pembeni mwa karatasi, macho yake yakatua kwenye mstari wa mwisho.

"Saa sita mchana: ametulia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi.

"Fungua mlango!"

Askari akapapasa mfuko mmoja, akahamia wa pili. Muuguzi akageukia kitundu cha mlangoni. Kilikuwa kimezibwa kwa shati, kwa ndani.