Donge la Wifi

Siku hizi kila nyumba hukanda donge la unga alfajiri na kuliweka mlangoni likaguliwe. Hamira yake imepandikizwa protini za bakteria waliotolewa kwenye migomba ya nyumba hiyo, ili kupima ugonjwa. Protini ikiwa katili, hamira hufa, donge hulala bila kuumuka, na shamba lote hufyekwa, hata kama migomba yenyewe bado inachekelea.

Mwaka jana donge la Kemilembe lililala. Wifi yake Atugonza alicheka hadi akashika mbavu. "Wifi, leo umetuandalia sahani?"

Kemilembe alicheka naye, akaliweka moyoni.

Leo alidamkia kwa wifi kumsaidia kukanda, mpole kama malaika, akaiunguza hamira kwa maji ya moto. Mkaguzi alipofika, donge lilikuwa bapa.

"Wifi," Kemilembe akasema taratibu, "kumbe leo ni chapati?"

Mapanga yakaanza kazi. Kila mgomba ulioanguka ulimpa raha, mpaka mkaguzi alipomgeukia.

"Na wewe mama, uliyepanda upya. Machipukizi ulipewa na nani?"

Kijiji kizima kilijua. Baada ya kumcheka, Atugonza ndiye aliyempa, kila chipukizi.

"Basi nayo yamebeba ugonjwa, hata kama donge lako bado linaumuka. Twendeni kwake."

Kemilembe alifungua mdomo, akakumbuka kwamba anayeua hamira hufukuzwa kijijini, akaufunga.

Atugonza akajifuta machozi, akamshika mkono. "Twende, wifi. Tukimaliza kwako turudi tunywe chai. Yale maji uliyochemsha bado ya moto."